Diski ya L4/L5 imetoka, upasuaji umependekezwa: ajaribu kairopraktiki kwanza?

Mdadisi

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya wanaoijua migongo kwa undani, maana hapa kila mtu anasema lake.

Mgonjwa ni kaka yangu, ana miaka 41, kazi yake ni ya kukaa kutwa mbele ya kompyuta. Maumivu yanaanzia kiunoni kushoto, yanapita kwenye tako, yanashuka ubavuni mwa paja na mguu hadi juu ya unyayo na kidole gumba, pamoja na ganzi. Sasa ni wiki ya saba. MRI inasema diski ya L4/L5 (mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno) imepasuka na kutoka nje upande wa kushoto, inakandamiza mzizi wa neva ya L5. Diski ya chini yake, L5/S1, imekauka na kuvimba kidogo. Anatumia dawa za maumivu, diklofenaki na pregabalini.

Daktari bingwa amesema upasuaji wa kutoa kipande cha diski unawezekana ila si dharura, akampa muda wa kufikiri. Baadhi ya ndugu wanamsihi ajaribu kairopraktiki (tiba ya kunyoosha na kusukuma mgongo kwa mikono) kwanza. Wengine wanamtisha kwamba mgongo ukishikwashikwa atapooza.

Maswali yangu ni matatu. Kuna hatari akisubiri? Kairopraktiki inafanya nini hasa kwa diski iliyotoka? Na ajaribu kwa muda gani kabla ya kukubali kwamba imeshindikana?

Fizio_Kiuno

Mdadisi, pole na mgonjwa. Swali lako la kwanza ndilo la kujibiwa mwanzo, na jibu lake linatafutwa kwenye mguu kuliko kwenye picha. MRI inaonyesha diski imegusa wapi. Neva inaumia kiasi gani, hilo utalijua kwa nguvu za misuli. Watu wawili wenye picha zinazofanana kabisa, mmoja anaweza kusubiri miezi bila shida na mwingine hapaswi kungoja hata siku mbili.

Mzizi wa L5 unapimwa hivi. Avue viatu, atembee kwa visigino hatua kumi, vidole vikiwa juu. Utazame unyayo wa kushoto kama unalegea na kushuka mapema kuliko wa kulia. Kisha akae, avute kidole gumba cha mguu kuja kwake kwa nguvu zote, nawe ukibonyeze kuelekea chini kwa kidole chako kimoja. Fanya upande mmoja kisha wa pili, ulinganishe. Udhaifu wa L5 mara nyingi huonekana kwenye kidole gumba kabla mgonjwa mwenyewe hajagundua lolote. Tatu, asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika ukuta, ainue kisigino mara kumi. Hapo unapima mzizi wa S1, unaofuata chini ya L5. L4 hupimwa kwa nyundo ya goti na kwa kuinuka kitini kwa mguu mmoja.

Nguvu huandikwa kwa alama 0 hadi 5. Tano ni kawaida. Nne ni pale msuli unapohimili upinzani kiasi lakini unashindwa ukiwekewa upinzani mkubwa. Tatu ni pale unaponyanyua kiungo tu, ukigusa unaanguka. Nne isiyobadilika inaweza kusubiri chini ya uangalizi. Tatu kushuka chini, au nne ambayo wiki iliyopita ilikuwa tano, arudi kwa daktari wa upasuaji leo au kesho, na asilazwe kwenye meza ya mtu yeyote wa kunyoosha migongo.

Kuna dharura moja ambayo kila mtu ndani ya nyumba aijue. Chini ya mwisho wa ugwe mgongo (kamba kuu ya neva ndani ya uti) kuna kifungu cha neva zinazohudumia kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Diski kubwa ikikibana kifungu hicho dalili ni hizi: ganzi kwenye msamba, yaani eneo linalogusa kiti cha baiskeli, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila yeye kuhisi, haja kubwa kuponyoka, nguvu za kiume kutoweka ghafla, maumivu au ganzi kuhamia miguu yote miwili. Hata moja ikitokea ni hospitali usiku huohuo, MRI ya haraka na upasuaji, mapema iwezekanavyo na ikiwezekana ndani ya saa 48. Watu wengi huchelewa kwa sababu wanaona aibu kutaja msamba. Muulize kaka yako waziwazi, usingoje aseme mwenyewe.

Mambo mengine yanayofunga mlango wa kushikwa mgongo hadi daktari athibitishe: homa, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani au kifua kikuu, maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mkao wowote, kuanguka vibaya hivi karibuni, na matumizi ya muda mrefu ya vidonge vya steroidi, kwa kuwa hudhoofisha mifupa.

Kama hana lolote kati ya haya na nguvu zake ni 4 au 5, basi ana nafasi ya kujaribu tiba isiyo ya kisu, na hatapoteza kitu kwa kuijaribu ipasavyo.

Tabibu_Pingili

Nimsalimu Mdadisi na kumuunga mkono Fizio. Nijibu la pili, kwa upande wa kairopraktiki.

Kwanza woga wa kupooza. Kwa mtu mzima ugwe mgongo huishia karibu na pingili za juu za kiuno, L1 au L2. Kwenye L4/L5 hakuna ugwe wa kujeruhi, kuna mizizi ya neva inayoelea ndani ya maji yake. Hatari ya kweli katika eneo hilo ni diski kubwa kusogea na kubana kile kifungu alichokieleza Fizio. Imewahi kutokea baada ya mgongo kusukumwa, ni nadra sana, ila ndiyo sababu mtu mwenye dalili za msamba au kibofu haguswi kabisa.

Pili, tusidanganyane kuhusu kinachofanyika. Kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 na D.D. Palmer kule Davenport, Iowa, Marekani, na kwa miaka mingi ilijengwa juu ya wazo kwamba pingili imehama na inarudishwa mahali pake. Wazo hilo halina ushahidi. Ule mlio wa "ka" unaosikika ni gesi inayofanya uwazi ndani ya ute wa kiungo pale nyuso zake zinapotenganishwa ghafla. Picha za MRI zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha hivyo. Baada ya kulia, kiungo hicho hakilii tena kwa dakika kama 20. Mlio haupimi mafanikio, na ukikosekana haimaanishi tiba imeshindwa. Tunachoweza kutegemea ni misuli iliyokaza kulegea, maumivu kupungua kwa muda, na mgonjwa kuweza kusogea kuliko jana. Upenyo huo ndio wa kuingizia mazoezi. Hakuna mkono unaorudisha diski ndani.

Kwa diski iliyotoka na mguu unaouma kama huu, mwanzo mzuri ni meza ya kukunja na kuvuta. Mgonjwa hulala kifudifudi, sehemu ya meza iliyobeba miguu inashuka taratibu. Mkono mmoja wa tabibu unashikilia pingili ya L4 isisogee, mwingine unaiongoza meza. Huvutwa kama sekunde nne, huachiwa, mara tano, mapumziko mafupi, halafu tena, mizunguko mitatu. Kabla ya hapo lazima kufanyike jaribio la uvumilivu: meza ishushwe kidogo tu, aulizwe mguu unasemaje. Maumivu yakishuka kuelekea kwenye kigimbi, meza isimamishwe hapohapo.

Msukumo wa haraka ukiwa umelala ubavu unaweza kuja baadaye, au usije kabisa. Tabibu makini akishamweka mgonjwa kwenye mkao huo hasukumi papo hapo. Anashikilia mwisho wa mzunguko kwa sekunde 10 hadi 15 na kuuliza: mguu umetulia, umebaki vilevile, au umeamka? Ukiamka, anaachia. Tabibu asiyeuliza swali hilo anafanya kazi kwa kubahatisha.

Ushahidi upo, ila wa wastani. Nchini Italia, utafiti wa Santilli wa mwaka 2006 uliwachukua wagonjwa 102 wenye maumivu mapya ya kiuno na mguu na diski iliyochomoza. Waliosukumwa kweli, 55% mguu uliacha kuuma, dhidi ya 20% kwa waliofanyiwa maigizo. Kanada mwaka 2010, McMorland na wenzake walichukua wagonjwa 40 ambao dawa na tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kwa angalau miezi mitatu na wakapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Nusu walifanyiwa upasuaji, nusu kairopraktiki. Katika kundi la kairopraktiki, 60% walipata nafuu iliyolingana na ya waliopasuliwa. Asilimia 40 waliobaki walihamia kwenye upasuaji na wakafanya vizuri, yaani kujaribu kwanza hakukuwaharibia matokeo. Watu 40 ni wachache, lakini ndio utafiti unaogusa swali lako moja kwa moja.

Utakutana pia na takwimu ya jimbo la Washington, Marekani, ya mwaka 2013: wafanyakazi walioumia mgongo wakaanzia kwa daktari wa upasuaji, 42.7% walipasuliwa; walioanzia kairopraktiki, 1.5%. Matangazo huipenda sana. Isome kwa uangalifu, kwa sababu aliyekwenda kwa mpasuaji moja kwa moja mara nyingi alikuwa na hali mbaya zaidi tangu mwanzo.

Madhara ya kawaida: karibu nusu ya wagonjwa husikia uchovu au maumivu ya misuli baada ya kikao, na kwa wengi huisha ndani ya siku moja. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye mifupa iliyodhoofika, au waliowahi kuwekewa skrubu mgongoni wasisukumwe kwa nguvu. Na tatizo likiwa kiunoni, hakuna sababu ya kuzungusha shingo yake. Msukumo wa shingo una hatari yake ya nadra lakini nzito, ya mshipa wa damu kuchanika. Akatae.

Mdadisi

Asanteni sana. Tumepima jana usiku. Kwa visigino anatembea vizuri. Kidole gumba cha kushoto ni dhaifu kidogo, na daktari naye alikuwa ameandika 4/5, kwa hiyo hakijabadilika. Msamba na mkojo havina tatizo.

Maswali yamezaa mengine. Diski kutoka kabisa si mbaya kuliko kuchomoza tu? Na sehemu moja tuliyoulizia wanataka alipie vikao 40 kwa mkupuo na apigwe eksirei kila mwezi. Hiyo ni kawaida?

Fizio_Kiuno

Vikao 40 kwa mkupuo, hapana. Dozi ya tiba hii imewahi kupimwa: mwaka 2014 Haas na wenzake waligawa watu 400 wenye maumivu sugu ya kiuno katika makundi ya vikao 0, 6, 12 na 18 ndani ya wiki sita. Kumi na viwili vilitoa matokeo bora, na kumi na nane havikuongeza kitu. Eksirei ya kila mwezi ni mionzi ya bure. Diski na neva hazionekani kwenye eksirei, na MRI mnayo tayari.

Kuhusu diski kutoka kabisa, wengi hushangaa: iliyotoka ndiyo inayonyauka zaidi. Kipande kikishavuka utando wa nyuma kinakutana na damu, seli za kinga zinakitambua kama kitu kigeni na kuanza kukila. Mapitio ya tafiti ya Chiu ya mwaka 2015 yalikuta diski zilizopungua zenyewe ni 96% kwa vipande vilivyokatika kabisa, 70% kwa zilizotoka kama ya kaka yako, 41% kwa zilizochomoza, na 13% tu kwa zilizovimba. Inachukua miezi, na maumivu mara nyingi hutulia kabla picha haijabadilika, kwa hiyo hakuna haja ya kurudia MRI kila mara.

Ile L5/S1 "iliyokauka" isiwatie hofu. Kwa watu wasioumwa mgongo hata kidogo, mapitio ya mwaka 2015 ya Brinjikji yalionyesha dalili za diski kuchakaa kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Mtu akimwonyesha picha hiyo na kumwambia mgongo wake "umeoza" na unahitaji matengenezo ya maisha, atoke.

Theatre_Zamu

Niongeze upande wa chumba cha upasuaji, kwa sababu mjadala kama huu hugeuza kisu kuwa adui, na kuna wagonjwa wanaoumia kwa kukikwepa.

Upasuaji aliopendekezewa unaondoa kipande kinachobana neva, basi. Unatibu mguu. Maumivu ya kiuno chenyewe yanaweza kubaki, na anayetaka kupasuliwa kwa ajili ya kiuno peke yake afikiri mara mbili. Kama kuna anayemtajia kaka yako kuunganisha pingili kwa skrubu, hiyo ni operesheni nyingine kabisa, yenye sababu zake kama pingili iliyoteleza. Kwa maumivu ya muda mrefu ya kiuno, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 349, haukupata ushahidi wa wazi kwamba kuunganisha pingili kunazidi programu nzito ya mazoezi.

Kuhusu kusubiri, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulioongozwa na Peul ndio unaomfaa. Wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12, nusu walipasuliwa mapema, nusu waliendelea na tiba ya kawaida. Waliopasuliwa walipata nafuu kwa wastani wa wiki 4, wengine wiki 12. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa, 95% walijiona wamepona. Ila kumbuka na hili: katika kundi la kusubiri, 39% walipasuliwa ndani ya mwaka huo kwa sababu maumivu hayakuvumilika. Kwa hiyo upasuaji unampa haraka. Kusubiri kunampa nafasi kubwa kiasi ya kuukwepa, kwa bei ya wiki za maumivu. Huo ni uamuzi wa mgonjwa mwenyewe, na mtu asiyelala usiku kwa sababu ya mguu ana haki ya kuchagua haraka.

Kusubiri nako kuna mwisho. Uchambuzi wa utafiti mmoja wa Marekani kuhusu diski za kiuno ulionyesha kwamba waliokuja na dalili za zaidi ya miezi sita hawakupata nafuu nzuri kama waliokuja mapema, iwe kwa kisu au bila kisu. Na Kanada, mwaka 2020, kwa wagonjwa 128 ambao mguu ulikuwa umeuma kwa miezi 4 hadi 12, upasuaji ulishinda tiba ya kawaida waziwazi walipopimwa baada ya miezi sita. Yaani wiki ya saba ni wakati mzuri wa kujaribu. Mwezi wa nane wa kuzunguka kwa matabibu tofauti tofauti ni kujichelewesha.

Na upasuaji wenyewe una madhara: diski kutoka tena mahali palepale, tafiti nyingi zinataja kati ya 5% na 15%, utando wa maji ya uti kuchanika, maambukizi. Amuulize daktari wake ana matokeo gani kwa kila moja.

Tabibu_Pingili

Nakubaliana na Theatre neno kwa neno. Swali la muda basi lijibiwe kwa mpango: wiki sita, vikao visivyozidi 12, na vituo vya ukaguzi vilivyoandikwa kabla ya kikao cha kwanza.

Kabla ya kuanza, aandike mambo manne kwenye daftari. Maumivu ya mguu kwa 0 hadi 10, ya kiuno kwa 0 hadi 10, kila moja peke yake. Mstari wa mwisho maumivu yanakofika: kidole, kifundo, goti, au tako. Dakika anazoweza kukaa kabla ya kulazimika kusimama. Na nguvu ya kidole gumba. Daftari hilo liende kila kikao.

Wiki mbili za kwanza, vikao viwili au vitatu kwa wiki, meza ya kuvuta na mikono laini, bila msukumo wa ghafla. Mwisho wa wiki ya pili panakaguliwa. Nafuu inayohesabika ni alama mbili au zaidi kwenye mguu, au mstari wa maumivu umepanda, tuseme kutoka kidoleni hadi gotini. Kama hakuna chochote kilichosogea, tabibu abadilishe mbinu mara moja, na wiki ya nne ikimkuta palepale, aache na arudi kwa daktari. Kuongeza vikao juu ya tiba isiyofanya kazi hakugeuzi matokeo. Nafuu ikiwepo, vikao vipunguzwe hadi kimoja kwa wiki, na mazoezi yachukue nafasi.

Nguvu ya kidole ipimwe kila kikao, kabla ya mkono wowote kumgusa. Ikishuka, mpango umekwisha siku hiyo.

Kuna kosa moja linalotokea sana wakati wa ukaguzi. Mguu unatulia lakini kiuno kinauma zaidi, mgonjwa anadhani ameharibiwa na anaacha. Maumivu yanapokusanyika kiunoni huku mguu ukiachwa, hiyo ni dalili njema, mojawapo ya zinazotabiri vizuri zaidi kwamba atapona bila kisu. Kinyume chake, kiuno kimepoa ila ganzi inashuka chini zaidi, hiyo ni mbaya hata kama yeye mwenyewe anasema anajisikia nafuu. Ndiyo maana nimesema mguu na kiuno viandikwe mbali mbali.

Katika kuchagua tabibu, aulize: umesoma chuo gani na kwa miaka mingapi? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja si chini ya saa 4,200 za masomo kwa anayeanza bila elimu ya tiba. Aulize pia: utasoma ripoti yangu ya MRI kabla ya kunigusa? Utamwandikia daktari wangu? Utaniacha lini nisipopata nafuu? Jibu la swali la mwisho ndilo litakalomwambia kama anashughulika na mtu wa tiba.

Mdadisi

Hili la daftari tunaanza leo. Dawa je, aziache ili ajue kama tiba inafanya kazi? Na nyumbani afanye nini?

Fizio_Kiuno

Pregabalini asiiache ghafla. Kwa maumivu ya aina hii haina rekodi nzuri: jaribio la Australia la mwaka 2017, wagonjwa 209, halikuona tofauti na vidonge visivyo na dawa, na mwongozo wa Uingereza umeiondoa kwenye orodha ya maumivu ya neva ya mgongo. Kwa hiyo ana sababu ya kuzungumza na daktari kuhusu kuipunguza, lakini hupunguzwa taratibu kwa angalau wiki moja. Ikikatwa siku moja huleta jasho, kukosa usingizi na wasiwasi. Diklofenaki anywe baada ya kula, kwa kipindi kifupi, na kama ana vidonda vya tumbo, figo, presha au moyo, daktari ajue. Ili tiba ipimwe bila mkanganyiko, dozi yoyote inayobadilishwa iandikwe daftarini pamoja na tarehe.

Nyumbani, zoezi la kwanza la kujaribu: alale kifudifudi dakika mbili au tatu, kisha ajiinue kwa viwiko, abaki hapo dakika mbili. Mguu ukiruhusu, anyooshe mikono na kuinua kifua huku nyonga zikibaki sakafuni zimelegea, mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu. Kanuni ni ileile ya mstari: ukipanda kuelekea kiunoni aendelee, ukishuka aache na ajaribu kulala chali na miguu juu ya kiti, magoti na nyonga vimekunjwa pembe mraba. Si kila diski inapenda kunyooka nyuma. Wazee wenye mfereji wa neva uliobanwa, kwa mfano, hupata nafuu wakijikunja mbele.

Maumivu yakishatulia kidogo, kutoka wiki ya pili au ya tatu, aongeze mazoezi ya kukaza kiwiliwili: kupiga magoti na viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, na kujiinua ubavu kwa kiwiko, akianzia magotini. Ashikilie sekunde 8 hadi 10, apumzike, mara tano kila upande, kisha seti zinazofuata zipungue. Asifanye yale ya kulala chali na kujikunja hadi magotini, yanaikamua diski. Kutembea ni kila siku, mara tatu za dakika kumi ni bora kuliko mara moja ya nusu saa. Akikaa kazini, asimame kila dakika 20 hadi 30 hata kama hasikii maumivu. Mkanda wa kiuno na kulala kitandani siku nzima visahaulike.

Kingine ni saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku diski hunyonya maji na kuvimba, kwa hiyo asubuhi ndipo kuinama kunapoibana zaidi. Katika saa hiyo asiiname kuvaa soksi au kunawia sinki la chini. Akae, alete mguu juu ya goti la pili, au mtu amsaidie. Akisikia chafya inakuja, asimame wima, aegemeze mkono ukutani na apindue kiuno nyuma kidogo. Mkao wa kulala ubavu uwe na mto katikati ya magoti, na kutoka kitandani ajiviringishe ubavu kwanza, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa mkono.

Theatre_Zamu

Mdadisi, jambo dogo la mwisho: miadi na daktari wa upasuaji asiifute. Aiweke wiki ya sita au ya saba kutoka leo, aende nayo hiyo MRI na daftari. Kama mguu bado uko 7 au 8 na halali, maamuzi yatafanyika siku hiyo bila kuanza foleni upya.